Tunapenda Maiti Kuliko Mgonjwa

Wasee, leo nasema kitu itakasirisha mashangazi wote wa grupu ya familia. Niko tayari.

Mkenya akiugua, yuko pekee yake. Akifa, tuko mia mbili. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa hata mwili haujafika mochari. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, kamati ya usafiri, kamati ya chakula, na mtu wa kubandika orodha ya waliochanga kila jioni ndio usiotuma ujione.

Mjomba wangu alikuwa na shida ya figo. Dialisisi mara mbili kwa wiki. Alipoomba hata nauli tu, alipata tiki za buluu na "tunakuombea". Miezi minane baadaye, watu hao hao walichanga wakalipa hema tatu, basi mbili za kwenda ushago, na programu ya rangi kurasa kumi na mbili, karatasi ya kung'aa. Picha ya mbele anacheka. Ilikuwa ya zamani, kabla augue. Alipougua hakuna aliyeenda kumwona, sembuse kumpiga picha.

Mtaniambia ni mila. Mila ya nani? Zamani majirani walileta kuni, mahindi, na mikono ya kuchimba kaburi. Programu ya kung'aa haikuwa kwa hiyo mila. M-Pesa yenyewe ilianza 2007. Manze, hii ni kuogopa kusemwa tu. Matangani ukitoa, kijiji kizima kinaona. Wodini ukitoa, anaona mgonjwa peke yake. Wanasiasa walishtukia hii maneno kitambo, ndio maana utawapata wameshika maiki mazishini.

Na msiniambie mazishi madogo ni dharau. Waislamu wa Mombasa na Eastleigh wanazika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa sanda nyeupe. Nani amewahi kusema hawapendi watu wao?

Mwingine atasema matibabu ni kazi ya serikali. Kweli kabisa. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya SHA, kwa hivyo tuidai serikali bila kuchoka. Lakini jeneza halikungoja serikali, ama? Hiyo pesa tulikuwa nayo. Tuliingoja tu afe ndio tuitoe.

Kamati si mbaya. Tatizo ni inakuja ikiwa imechelewa. Mtu akilazwa leo, fungua grupu leo. Mwenyekiti yule yule, mweka hazina yule yule, orodha ile ile kila jioni. Hata ile tabia ya kuaibisha wasiotuma, ileteni, kwa mara ya kwanza itakuwa na maana.

Mimi nikiugua, nichangieni nikiwa bado na uwezo wa kusema asante. Nikifa, nizikeni Jumanne asubuhi. Chai na mandazi, basi, kila mtu arudi kazini.