Kurudi kisiwa cha fungate mkiwa na watoto

Wapo wanandoa ambao picha ya fungate yao imekaa ukutani sebuleni miaka kumi sasa. Nyuma yao zinaonekana nyumba nyeupe zilizobanana juu ya jabali, makuba ya bluu, na bahari chini kabisa. Ni Santorini, kisiwa cha Ugiriki ambacho wenyeji hukiita pia Thira. Siku moja, mmoja wao anasema: "Turudi." Ila safari hii hawaendi wawili. Yupo wa miaka tisa, na yupo ambaye bado anabebwa.

Ombi hilo huwa na jambo jingine ndani yake. Anayesema "turudi" mara nyingi haitaki bahari. Anamtaka yule mwenzake wa zamani, aliyekuwa akimsikiliza hadi usiku wa manane kabla ya ada za shule, homa za watoto na simu za kazini kuingia katikati. Mwenzake asipolijua hilo, atajibu kuhusu bei ya tiketi, na ugomvi utaanza kabla ya mabegi kufungwa.

Jambo la kwanza la kukubaliana ni kwamba kisiwa nacho kimebadilika. Wakazi wake ni kama 15,000, lakini wageni wanapita milioni 3 kwa mwaka. Umati umekuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2025 kuliwekwa kikomo cha abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku, na kila abiria wa meli hizo anayeshuka katika miezi ya kilele anatozwa euro 20. Pale Oia, kijiji maarufu kwa machweo, watu hubanana bega kwa bega kwenye vichochoro muda mrefu kabla jua halijazama. Walioshikana mikono hapo miaka kumi iliyopita, leo wanaweza kujikuta mmoja anamtafutia mtoto choo na mwingine analinda nafasi ya kupiga picha.

Pili, ardhi yenyewe si rafiki wa watoto wadogo. Kisiwa ni masalia ya volkano. Miji ya Fira na Oia imekaa juu ya ukingo wa shimo kubwa ambalo lilijaa maji ya bahari, na kila kitu ni ngazi. Kutoka bandari ya zamani hadi Fira kuna ngazi karibu 600, ingawa lipo gari linalopita juu ya waya. Kigari cha mtoto kitakuwa mzigo; mbeleko ndiyo itakayofaa. Hoteli nyingi za ukingoni hazipokei watoto, na kuta zake ni fupi. Familia hupata nafuu upande wa pili, Kamari au Perissa, ambako ni tambarare na ufukwe uko karibu. Mchanga wake ni mweusi na huchoma mchana, hivyo viatu ni lazima.

Mtoto akiomba kupanda punda, mzazi ana nafasi ya kumfundisha. Mwaka 2018 Ugiriki iliweka sheria kwamba punda asibebeshwe mzigo unaozidi kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Watoto hulielewa jambo hilo upesi kuliko watu wazima.

Gharama nazo zipigiwe hesabu mapema. Kwa wenye pasipoti za Tanzania au Kenya, viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwa familia hii ya watu wanne ni euro 225, na maombi yakikataliwa fedha hizo hazirudi. Likizo ya Agosti kwa shule za Kenya huangukia wakati wa joto kali na bei za juu. Ambao watoto wao hawajaanza shule wafikirie Mei au Oktoba.

Hata hivyo, Santorini ina somo kubwa kwa wanandoa kuliko machweo. Kusini mwa kisiwa kuna Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano miaka kama 3,600 iliyopita. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1967, na leo mtoto anaweza kupita akiona nyumba za ghorofa na mitungi mikubwa ya chakula ya watu hao wa kale.

Mwaka 1956 tetemeko kubwa liliua zaidi ya watu 50 na kubomoa nyumba nyingi, na familia nyingi zikahama. Februari 2025 ardhi ilitikisika tena, mara maelfu. Shule zilifungwa, na zaidi ya watu 11,000 waliondoka kwa meli na ndege. Matetemeko yalipopungua, wengi walirudi, wakafungua milango na kupeleka watoto shule.

Hawakurudi kwa sababu wamesahau kilichotokea. Walirudi wakijua mahali pale pana nyufa, wakachagua kuishi hapo. Ndoa yenye watoto wawili na miaka kumi inahitaji kurudi kwa namna hiyo. Yaliyopita si ndwele, wagange yajayo.

Kwa vitendo, wanandoa hawa wasijaribu kurudia fungate siku kwa siku. Wachague jambo moja tu la zamani, labda mgahawa mmoja au njia moja ya miguu, na mengine yawe mapya ya familia nzima. Wapeane zamu, mmoja abaki na watoto asubuhi ili mwenzake apumzike kweli. Watoto waonyeshwe pale picha ya sebuleni ilipopigwa na waambiwe kisa chake. Mtoto anayejua wazazi wake walipendana kabla yeye hajazaliwa hupata utulivu ambao zawadi haiwezi kumpa.

Na kabla ya kulipa chochote, kila mmoja amuulize mwenzake: "Tunarudi kutafuta nini?" Jibu likiwa ni kuwaonyesha watoto walikotoka wazazi wao, tiketi zikatwe. Likiwa ni "hatuzungumzi tena siku hizi", basi mazungumzo yaanze usiku huohuo, watoto wakishalala na simu zikiwekwa pembeni. Hayo hayahitaji viza, na wakija kufika Santorini watafika wakiwa tayari wamekutana.