Injenia apimwe kwa maji yanayofika kwenye robine

Wale waliopita katika makambi ya kandokando ya Goma wanakumbuka: bidoni zimepangwa tangu saa 11 ya asubuhi, robine ya kwanza inatoa maji, ya mwisho inatoa upepo. Wengine wanasema kuna mtu amefunga maji makusudi. Lakini mara nyingine ni hesabu tu: bomba ni jembamba, njia ni ndefu, maji yanapoteza nguvu njiani.

Hesabu hiyo inafundishwa chuo kikuu. Nani anaangalia kama imeingia kichwani?

Kwetu Kongo mwanafunzi anaweza kupita kwa wastani. Tuseme ana 15 juu ya 20 katika michoro, 14 katika hesabu, na 6 katika somo la maji. Juri inajumlisha, kozi moja inabeba nyingine, anapita. Diploma haisemi kitu juu ya ile 6. Na kama nusu ya promosheni ilipata 6, mwaka unaofuata silabasi ni ileile.

Mfumo wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unataka kila kozi iseme mwanafunzi atajua kufanya nini. Vizuri, ila naogopa karatasi hizo zitalala kabatini. Marekani, shirika la ABET linalothibitisha programu za uinjenia lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuuliza zaidi ya saa za masomo: wanafunzi wanaweza kufanya nini, na chuo kimebadilisha nini baada ya kuona wameshindwa? Swali la pili ndilo zito.

Hatuhitaji mashine kwa hilo. Wapeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kweli: kutoa maji kwenye tangi mpaka robine sita, juu ya mawe haya ya volkano yanayovunja majembe yetu. Walimu wawili wapime kila ujuzi peke yake. Kama wengi wamekwama katika kuchagua ukubwa wa bomba, kozi hiyo iongezewe mazoezi, na promosheni inayofuata ipewe kazi ya aina ileile ili tuone kama kuna mabadiliko. Waalikwe pia wamama wanaochota maji. Wao wako na maswali ambayo juri haiyaulizi.

Walimu watanijibu kwamba wanafunzi ni wengi na mshahara hautoshi. Ni kweli. Basi waanze na kozi moja tu, ile ambayo wenyewe wanajua inawashinda wanafunzi kila mwaka.