Picha ya Ubongo Haitaki Poda

Leo nina ugomvi mdogo na watu wa picha. Pita Forodhani jioni, utamkuta binti anajipiga kwa simu. Mara chunusi zimepotea, ngozi imekuwa laini kama halua ya Wete, pua imechongoka yenyewe. Bibi yake akiiona picha ile atauliza huyu mtoto wa nani. Hatugombani hapo. Picha ya Idi hiyo, kila mtu na aonekane bomba.

Lakini hebu fikiri. Programu ya namna ile ikabidhiwe picha ya ubongo wa mtoto mchanga anayesubiri kupasuliwa, nayo ikaanza kulainisha na kupamba. Hapo, jamani, hapana mchezo tena. Na wako wataalamu wa kompyuta ambao maisha yao yote ya kazi ni jambo hili: picha ya hospitali itoke vipi, na itoke ya kweli.

Najua ushaguna. "Picha si inatolewa na mashine?" La, ndugu yangu. Eksirei ya kifua ya zamani ilikuwa kivuli tu, mwanga unapita na filamu inanasa. CT skani na MRI ni habari nyengine. Mashine inatoa tarakimu tupu, nyingi kama mchanga wa Paje. Ukizitazama hivi hivi huoni ubongo wala sikio. Hesabu ndiyo inayozigeuza picha.

Chukua bao letu la barazani, mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane. Nalifunika kwa khanga. Sikwambii kila shimo lina kete ngapi, nakupa jumla tu: mstari huu una kete kadhaa, ukihesabu kwa kwenda juu kadhaa, ukikata mshazari kadhaa. Nikikupa jumla za pande za kutosha, wewe na kalamu yako utaweza kulijaza bao zima bila kuifunua khanga. CT skani ndiyo hivyo. Eksirei inapita kichwani kutoka pande nyingi, kila mara inaleta jumla ya ilichokutana nacho, na kompyuta inajaza mashimo. Mashimo yenyewe ni mamia ya maelfu, ndiyo maana kalamu haitoshi.

Aliyelianza bao hili la hospitali alikuwa Mwafrika Kusini, Allan Cormack, mwalimu wa fizikia Cape Town. Mwaka 1956 alipewa kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, akajiuliza vipi mtu ajue kilichomo ndani ya mwili kwa kupima kwa nje. Akatoa hesabu zake mwaka 1963 na 1964. Unajua nani alizishangilia? Karibu hakuna! Mwenyewe alisimulia kwamba barua ya kuvutia kuliko zote ya kuomba nakala ilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Kumbe pia mtaalamu wa hesabu Johann Radon alishalifumbua fumbo lile tangu 1917, na Cormack hakuwa na habari. Kule Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield akaunda mashine bila kumjua Cormack, na mgonjwa wa kwanza akapigwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shahada ya uzamivu!

Sasa turudi Afrika Mashariki. MRI haitumii eksirei, inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na maji ya mwilini ndiyo yanayojibu. Sumaku ya hospitali kubwa kwa kawaida ina nguvu ya tesla 1.5, na mashine nyingi hupozwa kwa heliamu ya maji maji, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Hiyo si mashine ya kununuliwa na kila hospitali ya wilaya.

Uganda wakasema, kwani lazima? Dk. Johnes Obungoloch alisoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, akarudi kufundisha na kutafiti Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Yeye na wenzake wa Leiden na Delft, Uholanzi, pamoja na wa Pennsylvania, wakaamua kutengeneza MRI ndogo. Vipande vililetwa kwa ndege kutoka Uholanzi: sumaku ndogo ndogo za kawaida za kupangwa katika pete 23, bila heliamu. Wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwahi kuifanya kazi ile wakaiunda pale pale Mbarara. Tangu mzigo kufika mpaka picha ya kwanza kutoka, siku kama 11. Taarifa yao ilichapishwa 2023.

Ila hakuna cha bure. Sumaku ile ina nguvu ya tesla 0.05, mara 30 chini ya ile kubwa. Sauti ya mwili inakuja ya kunong'ona, kama redio ya mbao usiku wa mvua. Picha inatoka na chenga. Hapo ndipo mtu wa kompyuta anapoitwa: safisha, jaza, nyoosha. Na hapo hapo ndipo shetani wa poda anapoingia.

Mradi wenyewe ulikuwa wa watoto wenye vichwa vikubwa, maji yamejaa kwenye ubongo. Mwaka 2021 watafiti wa kundi hilo hilo walichukua picha za CT za watoto kama hao, wakaziharibu makusudi, kisha wakazipitisha kwenye akili bandia ili zipendeze tena. Wakawaonyesha madaktari watatu wa upasuaji. Picha zilizopambwa zilivutia, zikaonekana za kufaa zaidi. Tatizo, programu ilizusha makosa katika umbo la ubongo, makosa yanayoweza kumpotosha daktari. Na picha mbaya mbaya, zile za chenga? Nyingine zilitosha kabisa kupangia matibabu. Wakamalizia kwamba picha dhaifu lakini ya kweli huenda ikawa bora kuliko nzuri iliyotiwa chumvi.

Hili linatugusa hapa hapa. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina Taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo tangu 2014, na vichwa vikubwa ni miongoni mwa magonjwa yanayotibiwa pale. Mama aliyembeba mwanawe kutoka Makunduchi hana haja ya picha ya kutundika ukutani. Anataka daktari ajue maji yako wapi na ubongo uko wapi, basi.

Kwa hiyo wewe wa SUZA au wa chuo chochote, unayeilaani hesabu ya matriksi kila Jumatatu asubuhi, usiitupe. Hiyo ndiyo hesabu ya bao lililofunikwa. Data zipo: tangu 2018 mradi wa fastMRI wa Chuo Kikuu cha New York na Facebook umetoa tarakimu za mashine za MRI kwa watafiti bila malipo. Kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia na kipande kimoja. Chukua tarakimu, zifiche nusu, jaribu kuirudisha picha, kisha uilinganishe na ya asili. Usiishie kutazama ilivyopendeza. Tafuta ilipodanganya, uandike. Halafu mtafute fundi wa eksirei umuonyeshe, maana yeye anajua jicho la daktari linaanzia wapi.

Na wewe dada wa Forodhani, endelea na poda yako, umependeza. Sisi tukutane wiki ijayo, inshaallah.