Mchoraji hana timu

Julai 2025 zilitoka filamu mbili zikipishana kwa wiki mbili tu. Tarehe 11 ilianza Superman ya DC, na tarehe 25 ikafuata The Fantastic Four: First Steps ya Marvel. Kijiwe ninachonywea kahawa jioni kikagawanyika. Vijana ambao mwaka mzima hubishania Simba na Yanga walihamishia ubishi uleule kwenye mapato ya tiketi: Superman imevuka dola milioni 600, ile nyingine imeishia juu kidogo ya 500, basi DC imeshinda na Marvel kwisha habari yake. Mmoja wao alizitaja takwimu hizo kwa fahari ya shabiki ambaye timu yake imetwaa kombe.

Nikamuuliza ni nani aliyemchora Superman mara ya kwanza. Hakujua. Nikawageukia wa upande wa pili: Fantastic Four je, ilichorwa na nani? Wakatazamana. Tangu jioni ile nimekuwa na jambo linalonikera, na leo nalisema.

Tumeaminishwa kwamba Marvel na DC ni mahasimu, kwamba sinema ndiyo uwanja wao wa vita, na kwamba vita hivyo vina faida kwetu sote, yaani mtazamaji anapata filamu nzuri zaidi na msanii anapata soko. Imani hii imeenea mpaka hakuna anayeihoji. Mimi naikataa. Palipo na fedha na umiliki, kampuni hizi mbili zimesimama upande mmoja tangu mwanzo, na aliyesimama upande wa pili ni mtu aliyekaa mezani na kalamu.

Mfano wa Simba na Yanga wenyewe unatusaidia kuliona hili. Mchezaji akitoka Jangwani kwa Yanga kwenda Msimbazi kwa Simba, anaondoka na miguu yake. Mchoraji Jack Kirby alipotoka Marvel kwenda DC mwaka 1970 aliacha kila kitu nyuma: Captain America aliyembuni pamoja na Joe Simon, Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men na Black Panther aliowabuni pamoja na Stan Lee. Alipofika DC akaanza upya, akazaa ulimwengu mwingine mzima wenye jitu katili liitwalo Darkseid. Ulimwengu huo nao ukabaki mali ya kampuni. Alihama timu, lakini masharti yalikuwa yaleyale.

Ndiyo maana nasikitika ninapowasikia vijana wakibishana Thanos wa Marvel na Darkseid wa DC nani zaidi. Jim Starlin, aliyembuni Thanos mwaka 1973, amekiri mwenyewe kwamba alichota mawazo kwenye kazi za Kirby za DC. Mabishano yote hayo yanarudi kwenye kichwa cha mzee mmoja aliyekuwa akichora kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko Long Island, akijinunulia karatasi na penseli, akilipwa kwa ukurasa. Hakuwa na mshahara. Alifariki mwaka 1994. Mwaka 2009 Disney ilipotangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4, watoto wake walidai haki za kazi zake za kati ya 1958 na 1963. Mahakama zikasema ile ilikuwa kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, hivyo mwenye mali ni aliyeagiza. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliukubali msimamo huo. Mwaka 2014 familia ikafikia makubaliano na kampuni, siku chache kabla majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani hawajakaa kuamua kama wataisikiliza kesi hiyo.

Mwaka 2018 kumbi zetu, Dar es Salaam na Nairobi, zilifurika watu waliokwenda kumwona Lupita Nyong'o ndani ya Black Panther. Tulivaa vitenge, tukaiita filamu yetu, na nilikuwa miongoni mwao. Ilizoa zaidi ya dola bilioni 1.3. T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alitokea mara ya kwanza mwaka 1966, kwenye toleo la 52 la Fantastic Four, kwa mkono wa huyohuyo Kirby.

Mnaosema hawa ni mahasimu, nawaomba mlitazame jina lenyewe la mashujaa hawa. Kwa zaidi ya miaka 40 Marvel na DC zilimiliki kwa pamoja alama ya biashara ya maneno "Super Hero". Kampuni mbili tunazoambiwa hazipikiki chungu kimoja zilikwenda pamoja kusajili jina la kazi yao, kisha zikawazuia wengine wasiuze vitabu kwa jina hilo. Mchapishaji mdogo aliyetaka kuliweka kwenye jalada lake alijua kuna mawakili wa pande mbili wanaomsubiri. Mpaka Septemba 2024 ndipo mamlaka ya alama za biashara ya Marekani ilipoifuta haki hiyo, baada ya kampuni ndogo ya vibonzo vya watoto kuipinga. Hiyo ndiyo sura halisi ya uhasama huu. Wanapogombania wikendi ya kuonyesha filamu tunawaona, ila wanaposhikana mikono kufunga mlango hatuwaoni.

Hata huko kwenye wikendi wanakwepana. Kulikuwa na mpango wa kuonyesha Batman v Superman na filamu ya tatu ya Captain America siku moja, tarehe 6 Mei 2016. Mashabiki walishangilia, wakasubiri pambano. Warner Bros., wenye DC, wakaisogeza yao hadi Machi. Kila mmoja akavuna peke yake, mmoja zaidi ya dola milioni 800, mwenzake zaidi ya bilioni moja. Waongozaji wao wa filamu pia wanapokezana: Joss Whedon aliongoza The Avengers ya 2012, kisha akaitwa kuimalizia Justice League ya 2017. James Gunn aliyewajenga Guardians of the Galaxy kule Marvel ndiye leo mmoja wa wakuu wawili wa DC Studios, na ndiye aliyeiongoza hiyo Superman ya 2025. Sina ubaya naye, amefuata kazi. Ila anayewatukana wenzake mtandaoni kwa jina la kambi ajue kwamba kambi hizo milango yake iko wazi kwa wenye mikataba mikubwa.

Na kama wangekuwa wanashindana kweli, anguko la mmoja lingekuwa neema kwa mwingine. Mwaka 2023 The Flash ya DC ilianguka, na The Marvels ikaanguka vibaya zaidi, ikiambulia takribani dola milioni 206 dunia nzima. Zilizama pamoja kwa sababu zilikuwa zimetuchosha pamoja, kwa kunakiliana.

Kuhusu faida ya mtazamaji nitasema jambo moja tu. Agosti 2022 Warner Bros. Discovery iliizika Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa na kutumia takribani dola milioni 90, ikiwa kwenye hatua za mwisho. Waongozaji wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, hawakupewa nafasi ya kuionyesha kwa umma. Kampuni ilikokotoa ikaona nafuu ya kodi itaipatia zaidi kuliko watazamaji. Marvel hawakuhusika kwa lolote.

Nirudi kwa Superman, maana huko ndiko kidonda kilikoanzia. Jerry Siegel aliandika na Joe Shuster akachora, vijana wawili wa Cleveland. Machi 1938 waliuza haki zote za mhusika wao kwa dola 130. Walipokwenda mahakamani mwaka 1947 kudai chao, walipoteza kazi, na majina yao yakaondolewa kwenye vitabu. Miaka ya 1970, habari za filamu kubwa ya Superman zilipoanza kuvuma, Siegel alikuwa karani huko Los Angeles na Shuster alikuwa karibu kipofu. Siegel aliwaandikia waandishi wa habari barua ndefu yenye uchungu, akiilaani filamu hiyo.

Ni nani aliyewashika mkono? Kama hadithi ya uhasama ingekuwa kweli, Marvel ingepiga tarumbeta, kwamba tazameni hawa wanavyomtendea aliyewajengea nyumba. Marvel haikufungua mdomo. Ingeufunguaje? Kwa miaka mingi hundi zake kwa wasanii zilikuwa na maandishi upande wa nyuma, kwamba anayesaini kuchukua fedha amekubali kazi yake yote ni mali ya kampuni. Msanii alikuwa na kodi ya nyumba na watoto wa kulisha, hivyo alisaini. Waliosimama na wazee wale walikuwa wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson, waliozunguka kwenye magazeti na televisheni hadi Warner ikaona aibu. Desemba 1975 kampuni ilikubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Filamu ya 1978 inayataja. Aibu ndiyo iliyofanya kazi hiyo, pamoja na mshikamano wa watu wa kalamu. Ushindani haukuwamo.

Bill Finger hakubahatika hata kwa kiasi hicho. Alimpa Batman mavazi yake ya kijivu na kofia yenye masikio, akaandika hadithi za mwanzo kabisa za 1939, lakini mkataba ulimtambua Bob Kane peke yake. Finger alifariki mwaka 1974. Jina lake liliingia rasmi kwenye filamu ya Batman mwaka 2016, baada ya mjukuu wake na mtafiti mmoja kulipigania. Miaka yote hiyo ya filamu za Batman za Burton na Nolan, mabilioni yakihesabiwa, hakuna shabiki wa kambi yoyote aliyeandamana.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Ushindani uliwahi kuwasaidia wasanii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 DC ilianza kulipa mrabaha kwa vitabu vilivyopita nakala 100,000, na Marvel ikalazimika kufuata haraka, isije ikapoteza wachoraji wake. Mwaka 1992 wachoraji saba maarufu wa Marvel, Todd McFarlane na Jim Lee wakiwamo, waliondoka na kuanzisha kampuni ya Image, mahali ambapo aliyebuni ndiye mwenye mali. Haya ni kweli, nami nayafurahia. Lakini angalieni kilichokuwa kinagombaniwa: mikono. Msanii angeweza kuondoka, na kuondoka kwake kuliuma. Leo vita vya sinema vinapiganwa kwa wahusika ambao wamekwisha kumilikiwa, wengi wao wamebuniwa na watu waliokwisha kuzikwa. Kampuni haina haja ya kumbembeleza mchoraji ambaye kazi yake iko kabatini tangu 1963.

Walio hai wanasimulia wenyewe. Ed Brubaker ndiye aliyemrudisha Bucky, rafiki wa Captain America, kama Winter Soldier, akichorwa na Steve Epting. Amesema hadharani kwamba alilipwa zaidi kwa kuonekana kidogo tu ndani ya filamu ya Winter Soldier, kama mwigizaji, kuliko alicholipwa kwa kumbuni mhusika aliyeipa filamu jina. Starlin naye alieleza mwaka 2017 kwamba DC ilimlipa kwa mhusika mdogo wa Batman v Superman, Anatoli Knyazev, hundi kubwa kuliko fedha zote alizokuwa amepata kwa Thanos, Gamora na Drax wakijumlishwa. Baadaye Marvel iliboresha malipo yake, baada ya yeye kusema mbele ya watu.

Najua shabiki wa DC atarukia hapo: unaona, sisi ni bora. Ndugu yangu, hakuna "sisi". Januari 2025, miezi michache kabla ya filamu uliyoishangilia, msimamizi wa mirathi ya Shuster alikuwa mahakamani New York akidai kwamba haki za Superman katika nchi kama Uingereza na Kanada zilikwisha kurudi kwa familia. Mahakama ya shirikisho ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, na filamu ikatoka kwa tarehe yake. Sijakusikia ukiuliza kesi iliishaje. Ulikuwa unahesabu milioni za Warner.

Mimi nitaendelea kwenda sinema. Napenda hadithi hizi tangu utotoni na sitaki kumnyima mtu raha yake. Ninachotaka ni kwamba ubishi wa kijiweni uhamie kwenye swali lenye uzito: filamu hii imemlipa aliyembuni mhusika wake? Kiasi gani? Jina lake limeandikwa wapi? Vijana wanaoweza kukariri mapato ya kila wikendi wana akili ya kutosha kukariri na hilo.

Hundi waliyolipwa Siegel na Shuster Machi 1938 bado ipo. Ni ya dola 412, pamoja na malipo ya kazi nyingine, na ndani yake zimo zile 130 za Superman. Mwaka 2012 ilinadiwa na mnunuzi akalipa dola 160,000, fedha ambazo hazikwenda kwa Siegel wala kwa Shuster, maana wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki miaka ya 1990. Ukiigeuza utaziona sahihi zao. Siku walipoziweka hapo, kila mmoja alikuwa na umri wa miaka 23.