Msijivunie Injini Isiyoguswa

"Injini haijaguswa." Hakuna sifa inayopandisha bei ya pikipiki iliyotumika Tanzania kama hiyo. Muuzaji huitamka kwa fahari, naye mnunuzi huinama kukagua vichwa vya bolti. Akiona mkwaruzo wa spana, ama anashusha bei ama anaondoka. Imani iliyo nyuma ya ukaguzi huo, kwamba injini ikishafunguliwa imekwisha, ni potofu kabisa, na inawaumiza zaidi vijana wanaoishi kwa bodaboda.

Tazameni kazi ya waliobuni injini zenyewe. Pikipiki nyingi za Kichina vijiweni kwetu zinatumia injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5. Pistoni zake za spea zipo za kipimo hicho, na zipo zilizozidi kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, zile wanazoita ovasaizi. Bloku ikiliwa inachongwa, inavishwa pistoni kubwa kidogo, kazi inaendelea. Ikiliwa tena, inachongwa tena. Kama injini hiyo ingekusudiwa isiguswe milele, pistoni hizo zingetengenezwa za nini?

Kuna baya zaidi. Injini hiyo haina filta ya karatasi. Oili huchujwa na wavu mdogo, kisha na kikombe kinachozunguka pamoja na krenki upande wa klachi, uchafu ukirushwa na kugandamana ukutani mwake. Kukisafisha ni lazima ufungue kava la klachi. Basi anayejisifu kwamba injini ya namna hiyo, iliyobeba abiria miaka na miaka, haijawahi kufunguliwa popote, anakutangazia kwamba kikombe hicho kimejaa tope. Hiyo ndiyo sifa mnayoilipia?

Hata kwenye ndege ni hivyo hivyo. Injini nyingi za Lycoming, aina inayoendesha Cessna 172, mtengenezaji amezipangia ukarabati mkubwa baada ya saa 2,000. Rubani huogopa injini iliyopitisha muda huo bila kufunguliwa.

Najua imani hii ilikotoka, na wanaoishikilia wameona mengi. Wameona bloku ikifunguliwa juu ya gunia kando ya barabara ya vumbi, gasketi ya zamani ikipakwa gundi na kurudishwa, bolti za hedi zikikazwa bila mpangilio wala kipimo. Wameona ringi mpya zikitumbukizwa katika silinda iliyokwisha kupoteza uduara wake. Moshi wa bluu ukarudi baada ya muda mfupi, na lawama zote zikaangukia kule kufungua. Ziangukie mchanga, na fundi asiyepima.

Ndiyo maana natetea kazi hii ifanyike nyumbani, mwenye pikipiki akijifunza kwa mikono yake. Chumba kilichodekiwa kina vumbi kidogo kuliko kijiwe chochote, na hakuna foleni ya wateja inayomharakisha. Bloku anaipeleka kwa fundi mchongaji pamoja na pistoni mpya, ichongwe kulingana na pistoni hiyo. Ikirudi, anaiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikipita ndani kitoke kingali cheupe, kisha anaipaka oili isishike kutu. Ringi anaiweka kwanza silindani peke yake, apime mwanya kati ya ncha zake. Klipu za pini ya pistoni ananunua mpya, kwa sababu ya zamani ikichomoka itachana ukuta uliotoka kuchongwa. Kuirudisha injini kwenye fremu kunataka rafiki mmoja wa kushika upande wa pili: bolti zote zipite kwanza, ndipo zikazwe. Oili inatiwa, plagi inachomolewa, kiki inapigwa taratibu ili oili isambae, plagi inarudishwa, ndipo injini inawashwa. Hakuna hatua hapo inayomshinda kijana anayekula kwa pikipiki hiyo, mradi awe na subira na vipimo.

Ukienda kununua, acha kuwinda mikwaruzo. Muulize muuzaji ilifunguliwa lini, bloku ilichongwa wapi, imevaa pistoni ya kipimo gani, na risiti za spea akuoneshe. Mwenye majibu hayo mlipe zaidi kuliko mwenye bolti zinazong'aa.