Kamera Ndogo na Nyuso za Watoto Wetu



Wapendwa wasomaji, juma hili sitatafakari masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Nitazungumza juu ya kamera, jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa paroko.

Kisa chenyewe ni hiki. Juma moja baada ya Komunyo ya Kwanza, bibi mmoja alinifuata sakristia akiwa ameshika picha aliyoilipia kwa fedha yake. Watoto 43 walikuwa wamepangwa mbele ya mlango wa kanisa saa sita mchana, wote katika mavazi meupe. "Baba Paroko," akasema, "nioneshe wangu ni yupi." Nilitazama, nami nikashindwa. Mavazi yalionekana vizuri, hata marinda yake ungeweza kuyahesabu. Nyuso zilikuwa giza tupu.

Aliyepiga picha ile hakuwa mzembe. Alifanya wafanyavyo wengi, yaani aliiacha kamera ijiamulie. Lakini kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinamtazama nani. Hudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani kirudishacho takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na magauni meupe mengi, huona mwanga umezidi, kikaupunguza. Gauni hugeuka kijivu, na uso mweusi wa mtoto hupotea kabisa. Wala jambo hili halikuanza jana. Kadi ambazo Kodak iliwapa wasafishaji picha tangu miaka ya 1950 ili wasawazishe rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Sisi hatukuwamo katika hesabu hiyo.

Mimi natumia kamera ndogo sana, Panasonic Lumix GM1, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo sasa hupatikana mikononi mwa watu tu, kwa kuwa haitengenezwi tena. Uzito wake ni gramu 204 pamoja na betri na kadi, na upana wake haufiki sentimita 10. Huingia katika mfuko wa kanzu bila kuonekana. Imekuwa ndogo hivyo kwa sababu haina kile kioo kilichomo ndani ya kamera kubwa za kitaaluma, ambacho huruka na kupiga kelele kila picha inapochukuliwa. Kihisi chake, hata hivyo, hakikupunguzwa: kina upana wa milimita 17.3, sawa na kile cha kamera kubwa zaidi za jamii yake.

Lakini udogo peke yake usingemsaidia yule bibi. Kilichonivuta ni kwamba kamera hii inakubali kuongozwa kwa mkono. Nachagua mwenyewe upana wa tundu la lenzi, muda wa mwanga kuingia, na wepesi wa kihisi. Ndani ya kanisa letu, karibu na dirisha, huanza na tundu la f/1.7, sehemu ya 125 ya sekunde, na ISO 1600. Napima kwa uso wa mtu, kisha sibadili kitu hata kama nyuma yake atapita bibi arusi na shela lake. Ni kazi ya kujifunza, na picha zangu nyingi za mwanzo ziliharibika. Ukweli ni kwamba simu za leo hutambua nyuso na kurekebisha mwanga zenyewe, nami nazishukuru. Ila baadhi yake huulainisha uso na kuung'arisha bila kuombwa, na mimi sikumwomba mtu yeyote amtakatishe mtoto ambaye Mungu alimuumba akiwa mweusi na mzuri.

Liko pia suala la Ibada yenyewe. Maagizo ya *Eucharisticum Mysterium*, yaliyotolewa tarehe 25 Mei 1967, yanataka Misa isivurugwe na upigaji wa picha, na pale penye sababu ya kweli ufanyike kwa busara kubwa na kwa kufuata taratibu za askofu mahalia. Tarehe 8 Novemba 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alisikitika hadharani kwamba tunapoalikwa kuinua mioyo, watu huinua simu, hata mapadre na maaskofu. Siku ile ya Komunyo niliona watoto wakipokea Mwili wa Kristo huku macho yao yamegeukia mwanga wa flashi. Ndilo linaloniuma kuliko picha zilizoharibika.

Kamera ndogo inaweza kuzimwa sauti kabisa, ikatumiwa na mtu mmoja aliyesimama kando ya nguzo bila flashi. (Tahadhari: chini ya taa za umeme, hali hiyo ya kimya huweza kuchora mistari katika picha, kwa kuwa kihisi husoma safu moja baada ya nyingine. Afadhali mwanga wa dirisha.)

Najua wapiga picha wetu hulisha familia kwa kazi hii, wala sikusudii kuwafukuza. Uwanja wa kanisa baada ya Misa ni wao. Ndani, nashauri parokia iwe na kamera yake moja ndogo na mtu wake mmoja, na picha wapewe wazazi wote bila malipo. Mimi siwezi kuwa mtu huyo, maana niko altareni.

Yule mjukuu nilimwita Jumamosi iliyofuata, akavaa tena gauni lake, nikamsimamisha kivulini penye mlango wa sakristia. Nilipima kwa shavu lake. Ukuta wa nyuma ulitoka mweupe kupita kiasi; bibi hakuulizia ukuta.

Vijana wawili walio tayari kujifunza wanione baada ya Misa ya pili. Nawatakia Dominika njema.