Nani Alituambia Akifika Saba ni wa Baba?

Mwenzetu mmoja hapa benchini mahakamani ana mtoto anayetimiza miaka saba mwezi ujao. Mahakama ilimkabidhi mtoto huyo akiwa na miaka mitatu, ndoa ilipovunjwa. Juzi mtalaka wake ametuma ujumbe: "Muandae, akifika saba nakuja kumchukua." Simu ina kioo kilichopasuka, tumeusoma kwa zamu, na wengi wetu tukaitikia kwamba ndiyo hivyo, sheria ndivyo inavyosema.

Ndivyo tulivyoambiwa sote. Wazee wa baraza la usuluhishi walituambia, mashangazi wakatuambia, mjumbe naye akaweka muhuri wa mdomo: chini ya saba wa mama, juu ya saba wa baba. Wapo akina mama kati yetu waliofunga begi la mtoto wenyewe, wakamsindikiza stendi na kurudi nyumbani kulia, bila hakimu yeyote kuwaamuru.

Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama yake, na hata hapo baba anaruhusiwa kupinga kwa ushahidi. Siku ya kutimiza saba haimhamishi mtoto. Kinachotangulia ni ustawi wake. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto mwenyewe kama ameshafikia umri wa kuyatoa, na mila za jamii yao. Tena kwa huyo mdogo wa chini ya saba, hakimu anatakiwa kupima madhara ya kumhamisha-hamisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaweka maslahi ya mtoto mbele.

Haya tumeyasikia leo kutoka kwa binti mmoja, msaidizi wa kisheria, aliyekaa nasi akisubiri mvua ikatike. Kama mvua isingenyesha, je? Hapo ndipo panapotuuma. Sheria ya Ndoa hiyohiyo inatulazimisha, isipokuwa kwa sababu maalumu, kupita baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kudai talaka. Karibu sote tumepita mlango huo, tukaketi mbele ya wazee, tukaulizwa nani alimtukana nani na nani alilala nje. Habari ya watoto ikamalizwa kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ya uongo. Kama kuna mahali pa kumweleza mwananchi haki ya mtoto wake kabla hajaumia, ni pale.

Akina baba tuliomo humu nasi tuna yetu. Mmoja wetu ana amri inayomruhusu kumwona mwanawe kila Jumamosi. Jumamosi tatu amekuta kufuli mlangoni. Viatu vya shule alivyonunua ameviacha kwa jirani, na anaogopa mguu wa mtoto utakuwa umeshavizidi. Lakini tuseme na letu baya: wapo kati yetu waliodhani kwamba mtoto akiwa kwa mama, matunzo ni juu ya mama. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka baba atunze wanawe hata wakiwa mikononi mwa mtu mwingine: malazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake. Watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu hatukulijua hilo, na wengine hatukutaka kulijua.

Na mtoto wa kuulizwa maoni yake, anaulizwaje? Tumemshuhudia mmoja asubuhi hii kwenye korido, wazazi huku na huku, ndugu wamejaa. "Haya sema, unampenda nani?" Akang'ata ukosi wa shati na kutazama miguu yake. Tunaomba aitwe chumbani, peke yake, na mtu anayejua kuongea na watoto.

Mwenzetu wa ujumbe amekaa wima kidogo sasa. Binti amemwambia kwamba, kwa kifungu cha 133, amri ya mahakama hubadilishwa na mahakama; mtalaka wake akitaka mtoto, aje afungue maombi, asikilizwe, na yeye asikilizwe. Hana karatasi, kwa hiyo tumemwandikia nyuma ya bahasha ya kaki: kifungu cha 125, kifungu cha 133. Karani ameshaita jina lake mara mbili.